Mwalimu Nisaidie: Neno la Kiholanzi lenye silabi 10

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mume wangu yuko Uholanzi, nami najiandaa na mtihani wa lugha ili nimfuate. Nimekutana na neno arbeidsongeschiktheidsverzekering, pumzi ikaniishia katikati. Nilikate wapi, na mkazo niuweke wapi? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hiyo ni bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Kabla ya silabi, tafuta maneno yaliyoungana: arbeid (kazi), ongeschiktheid (kutofaa), verzekering (bima). Ile s ya kwenye viungo ni gundi tu, na hubaki na neno lililotangulia. Kisha kata: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring. Tafadhali usichomeke irabu kwenye schikt. Ni s, halafu kh ya Khamis, yote kwa mkupuo mmoja.

Mkazo mkuu uko AR, mwanzoni kabisa. Verzekering ikisimama peke yake hukazwa kwenye ze, ila ikiungana huo unabaki mkazo mdogo.

Hapa ndipo masikio yetu yanapotuponza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unahama: NYUmba, nyuMBAni, maJEngo, majeNGOni. Ndiyo maana darasani nasikia zieKENhuis kila muhula. Mholanzi husema ZIEkenhuis, hospitali, na mlango wake ni ZIEkenhuisdeur. Mkazo haukusogea hata kidogo. Sarufi ndiyo inayofuata neno la mwisho: huis (nyumba) hutanguliwa na kibainishi het, deur (mlango) na kibainishi de, kwa hiyo ni het ziekenhuis lakini de ziekenhuisdeur.

Usidhani ni urembo wa matamshi. Chukua massagebed. Ukikata massa-gebed na kukaza MAS, umetaja sala ya umati. Ukikata massage-bed na kukaza SA, ni kitanda cha kukandia mwili, na ile g nayo inabadilika sauti. Herufi ni zilezile! Mimi neno hili hulifundisha mapema, kwa sababu mwanafunzi akilisikia mara mbili haulizi tena mkazo una kazi gani.

Yapo yanayokaidi. Stadhuis, jengo la halmashauri ya mji, hukazwa mwishoni: stadHUIS. Hilo likariri hivyohivyo, maana ukifika huenda ndiko utakakokwenda kujiandikisha.