Kamshafti kubwa ndani ya Arusha: nilifunga, nikafungua

Mwaka jana niliweka kamshafti (mihimili inayofungua valvu za injini) za digrii 288 kwenye Corolla yangu ya AE92, injini 4A-GE ya valvu 16, cc 1587. Miezi minne baadaye nikazitoa. Vijana wakizikuta gereji pale Unga Limited huniuliza nauza bei gani. Na mimi huwauliza: gari unaendeshea wapi?

Hiyo 288 ni digrii za mzunguko wa krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ambazo valvu inakaa wazi. Ikikaa wazi muda mrefu, valvu ya kuingiza hewa inaanza kufunguka wakati ya kutoa moshi haijafunga. Injini ikiwa inalia kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika kwenda juu, hiyo ni raha tupu: hewa ina kasi, inajisukuma yenyewe kuingia. Huku chini ni kilio. Moshi unarudi kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa, na pistoni ikipanda inatema sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Fundi alinipimia kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kabla, ikasoma psi 165; baada ya kufunga ikasoma 135. Ringi za pistoni ni zilezile.

Sasa weka na Arusha yenyewe. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza hapa karibu asilimia 14 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Mwinuko ulishakula chake, halafu mimi kwa mikono yangu nikatoa na nguvu ya chini iliyobaki. Kupandisha Ilboru na watu watatu ndani ilikuwa gia ya kwanza, huku Vitz zinanipita. Mlio mtamu, mwendo hakuna.

Lakini kilichonitisha ni breki. Siku moja jioni foleni ya Sakina, tunasogea hatua mbili tunasimama. Nikakanyaga mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe, na nikabusu bampa la Hiace. Konda akashuka, akaangalia bampa, akaangalia gari langu linavyotikisika, akasema, “Bro, hili linaumwa.” Elfu ishirini ikanitoka. Ni kwamba hidrovaki, ile inayolainisha pedeli ya breki, inategemea mvuto wa hewa wa manifoldi, na kwa kamshafti kubwa, injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) haina mvuto wa kutosha. Sensa ya manifoldi nayo ilidanganyika: ikiona mvuto umepungua, kontrol boksi, kompyuta ya injini, inadhani nimekanyaga mafuta, inamwaga petroli. Plagi zilitoka nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Ukisema utafaidi barabara ya Moshi, kilomita 80 hivi, hesabu vijiji: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe. Kote 50, na tochi zinakusubiri. Hiyo 6,000 utaifikia saa ngapi?

Sasa hivi nimefunga 256, na hizi nazipenda. Sailensi imetulia, kontrol boksi ni ya kiwandani, na kuanzia 4,000 gari linaamka kweli. Niliweka na gia za kamshafti za kurekebishika, nikacheza na digrii mbili tatu mpaka nguvu ya chini ikarudi.

Pa kutobania pesa ni springi za valvu na upimaji. Fundi wa kwanza alitaka kufunga tu na kuwasha. Mzee mmoja akatukatalia, akabandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akarudisha hedi (kichwa cha injini chenye valvu), akazungusha injini kwa spana mizunguko miwili, akafungua tena na kupima unene uliobaki pale valvu ilipokandamiza. Nusu siku nzima. Kisha shimu, vile visahani vya chuma vya kurekebisha uwazi wa valvu, moja moja: uwazi wa valvu za kuingiza kati ya milimita 0.15 na 0.25, za kutoa 0.20 hadi 0.30, injini ikiwa ya baridi. Kamshafti iliyosagwa upya itakulazimisha shimu nene zaidi, kwa hiyo zitafute kabla hujafungua hedi, la sivyo gari litakaa juu ya mawe wiki mbili kama langu.

Zile 288 bado ninazo, nimezipaka grisi na kuzifunga kwenye gunia. Kama uko Tanga, kule usawa wa bahari, na injini umeiongezea kompresheni, njoo tuongee bei.