Kabla hujachoma sindano ya joto, muulize mtoto anayechunga

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhimilisha ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mbegu za mrija, huku kwetu Magu, Misungwi na Kisesa, najua mnakuja na madaftari yamejaa homoni na ni vizuri kabisa, ila kuna moja ukiikosea unamuumiza mtu. Ni prostaglandini, ile wafugaji wanaiita sindano ya joto, joto ni ule wakati ng'ombe anataka kupandwa.

Mwaka wangu wa kwanza kuna mama njia ya Magu aliniita, ana ng'ombe mmoja tu chotara, anasema miezi inapita hapati joto na hajapandwa kabisa. Mvua ilikuwa inakuja toka ziwani, mi nikawa na haraka, nikachoma bila kuingiza mkono njia ya haja kubwa kupima mimba. Siku ya tatu akapiga simu. Nafika nakuta kijusi kimelala kwenye majani, ukubwa wa panya mkubwa hivi, vikwato vimeshaanza kuonekana, mama kasimama pembeni hasemi kitu. Mtoto wake wa darasa la tano ndo akasema, dume la jirani lilimpanda kule lamboni, siku nyingi tu, ila hakuna aliyemuuliza.

Sasa elewa ndani kulikuwaje. Yai likishatoka kwenye ovari, nyumba ya mayai, pale lilipotoka panaota kinundu cha njano, na hicho ndo kinatoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Projesteroni ikiwepo ya kutosha joto halionekani, ndo maana yule ng'ombe "hapati joto", kumbe ana mimba. Kama mimba haipo, kwenye siku ya 16 au 17 kizazi chenyewe kinatoa prostaglandini, kinundu kinakufa, projesteroni inashuka, kifuko cha yai jipya kinakua na kumwaga estrojeni, homoni ya kuleta joto, joto linarudi, jumla kama siku 21. Sindano yetu inafanya kazi hiyohiyo ya kuua kinundu. Haijui kama kinundu kinalinda mimba au hakilindi, wewe ndo unatakiwa ujue.

Na kinundu kikiwa kichanga, siku tano za kwanza hivi baada ya yai kutoka, sindano haikigusi, unachoma na hakuna kitu, mfugaji anasema dawa yako feki. Ndo sababu ya kurudia baada ya siku 11, kinundu kikiwa kimeshakomaa.

Kwa hiyo ingiza mkono kila ng'ombe, hata mvua inyeshe. Ila kabla ya mkono uliza, na usimuulize mwenye ng'ombe peke yake, maana mifugo yetu inachanganyika malishoni na lamboni na mwenyewe yuko sokoni Kisesa, anayeona ni mtoto anayechunga. Kaa naye chini umuulize taratibu, huyu alisimama akapandwa lini, ilikuwa kabla ya mvua au baada, dume la nani. Anakumbuka vizuri kuliko karatasi yoyote.

Saa nazo zinataka umakini. Ng'ombe akisimama apandwe asubuhi, mhimilishe jioni, akisimama jioni mhimilishe kesho asubuhi, kwa sababu yai linatoka kama masaa 10 mpaka 12 baada ya joto kuisha. Hawa wa kienyeji joto lao ni fupi na mara nyingi linakuja usiku, ute uliokauka mkiani unaweza kuwa ndo dalili pekee utakayoikuta. Wengine mmesoma farasi chuoni, yule joto lake linakaa siku tano mpaka saba na yai linatoka kabla joto halijaisha, tena anafuata urefu wa mchana, msichanganye, ng'ombe wetu wanazunguka mwaka mzima.

Vaeni glavu mkishika hiyo prostaglandini jamani, inapita kwenye ngozi. Dada mwenye mimba asiiguse kabisa, na mwenye pumu pia, hata chupa ikivunjika aitwe mtu mwingine asafishe.