Lushoto kwa gari la chini, na kumuaga mzee wetu wa gari la mwisho

Mkuu, umeuliza kama gari la chini, hizi saluni za kawaida, litafika Lushoto kwenye msafara wetu wa magari wa kufunga msimu, na tumuage vipi mzee wetu anayestaafu kujitolea.

Litafika bila shida. Chalinze, Segera, Korogwe mpaka Mombo ni lami tupu. Angalia tu vibao vya 50 vijijini, trafiki hawana utani. Kazi inaanzia Mombo, kona juu ya kona kupita Soni. Kupanda si tatizo, tatizo ni kushuka. Mwaka juzi nilishuka nikikanyaga breki muda wote. Kufika Mombo pedali imelegea kama sponji na tairi la mbele linanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Shuka na gia namba mbili, injini ikushike, na usithubutu kuweka fri, yaani kutoa gia. Mafuta ya breki yakiwa meusi, badilisha kabla ya safari. Kipande cha kwenda Irente, pale pa kutazamia mandhari karibu na Lushoto, ni vumbi, mvua ikinyesha pandeni gari la juu la mwenzenu.

Kuhusu mzee: keki na hotuba hapana, atakimbia. Misimu yote amekaa gari la mwisho la msafara kusaidia wanaoharibikiwa, na jeki yake na ile kamba ya kuvutia magari iliyofungwa fundo katikati. Mimi napendekeza tuchange tumnunulie seti ya spana, tumkabidhi pale Irente machweo. Halafu kurudi aongoze msafara yeye, gari la mwisho nakaa mimi. Kamba aniachie.