Miaka miwili ikipita, mikono bado inaweza kupata nafuu

Si kweli, kama wengine wanavyoamini, kwamba baada ya miaka 2 tangu kuumia uti wa mgongo hakuna kinachoweza kurudi tena. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: nafuu kubwa huonekana miezi 6 hadi 9 ya mwanzo, kisha kasi hupungua sana. Lakini kupungua si kukoma. Tazama utafiti wa Up-LIFT, uliochapishwa kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2024. Ulihusisha watu 60 waliopooza kwa jeraha la shingo, wote angalau mwaka 1 tangu waumie, na wapo waliofikisha hadi miaka 34. Kwanza walifanya mazoezi ya mikono peke yake kwa miezi 2, kisha miezi 2 mingine mazoezi yaleyale huku elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi ya shingo zikipitisha umeme. Hakuna upasuaji. Asilimia 72 waliongeza nguvu na pia matumizi ya mikono, na Desemba 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaruhusu kifaa hicho cha umeme.

Inawezekana kwa sababu mara nyingi jeraha huacha nyuzi chache za fahamu zikiwa hai. Umeme huamsha uti ili ujumbe hafifu wa ubongo upenye. Kwa hiyo aliyekatika uti kabisa asitarajie matokeo hayo. Tena hapa tunazungumzia mikono, si kutembea, na katika utafiti huu umeme bila mazoezi haukupimwa kabisa.