Venye nilichangisha pesa ya operesheni ya mbwa wangu Jeki hapa Nakuru (kwa dada wa Kondele, Kisumu)

Dada wa Kondele, pole sana. Nimesoma mara mbili venye umeandika, kwamba mbwa wako aligongwa na pikipiki Jumamosi, mfupa wa paja umevunjika, dokta anataka 70,000 na wewe uko na 9,000 pekee, na kila ukifungua mdomo kuomba mchango watu wanakuuliza kama umerukwa na akili. Mimi hayo niliyapitia hapa Free Area Januari ya mwaka jana, kwa hivyo acha nikuandikie yote hata kama itakuwa refu, juu wakati wangu nilitafuta mtu wa kunielekeza nikakosa.

Jeki ni hawa mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Kijana wangu alimleta ndani ya begi ya shule akiwa mdogo hata kutembea sawasawa hawezi, nikagomba, nikasema arudishwe alikotoka, usiku nikaamka nikampashia maziwa. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Siku ya ajali gari lilikuwa linarudi nyuma kwa ile njia nyembamba ya kuingia ploti yetu, dereva hakumwona. Jeki alijikokota mpaka mlangoni kwangu mguu wa nyuma unaning'inia, akalala, akaniangalia, hakulia hata kidogo. Kijana ndiye alilia.

Hapo mwanzo nilipoteza siku nzima na nakuomba wewe usipoteze. Jirani alitaka tumpe dawa za maumivu za watu, zile za dukani, na alikuwa anasaidia kwa roho safi. Usimpe. Dokta alikuja kunieleza kwamba ibuprofen na paracetamol zinaweza kuharibu tumbo la mbwa, figo, maini, na mbwa akashindwa hata kufika kwa operesheni. Halafu tukaita jamaa anayetibu ng'ombe huku mtaani, akasema atafunga mguu na vijiti kwa 3,000. Nilikuwa karibu nimpe hizo pesa. Bahati mzee soja wa ploti akaniambia mama, tafuta kwanza daktari mwenye cheti, huyu si daktari. Ndio nikajua kwamba daktari wa mifugo aliyesomea upasuaji anasajiliwa na Kenya Veterinary Board, na unaweza kumwuliza nambari yake ya usajili bila aibu, yule wa kweli hakasiriki.

Dokta akapiga eksirei akanionyesha mfupa umekatika katikati kama kuni. Nikamwuliza kwa nini tusiweke plasta tu, juu plasta nilijua si pesa nyingi. Akanieleza polepole, na haya maelezo yalinisaidia sana baadaye nikiongea na watu: ukifunga mfupa uliovunjika lazima uzuie kiungo cha juu na kiungo cha chini visicheze, sasa kwa paja kiungo cha juu ni nyonga, na nyonga ya mbwa huwezi kuizungushia plasta ikakaa. Plasta yenyewe inateremka na kuvuta mfupa zaidi. Kwa hivyo ni chuma na skrubu, ama kukata mguu. Na akasema tusingoje sana, juu siku zikipita misuli inajikaza, mfupa unaanza kujiunga vibaya, na kazi yake inakuwa ngumu mara mbili.

Hesabu aliyoniandikia ilikuwa hivi: eksirei 4,000 ambayo nililipa hapo hapo, operesheni pamoja na chuma na dawa ya usingizi 52,000, kulazwa siku 4 kwa 1,000 kila siku, dawa na kurudi kutoa nyuzi 5,000. Jumla 65,000. Baada ya eksirei nilibaki na 7,000 ndani ya nyumba, na mimi ni fundi wa nguo, na ilikuwa Januari.

Unajua Njaanuari venye huwa. Shule zinafunguliwa, kila mtu anatafuta karo na yunifomu, na mimi nikaingia kwa grupu ya WhatsApp ya estati yenye watu karibu mia mbili nikaweka picha ya Jeki na damu yake, nikaandika naomba msaada wenu tafadhali, nikaweka nambari yangu. Nikangoja. Watu wawili walituma. Mmoja akaandika watoto wa watu wako nyumbani hawana karo na wewe unachangisha mbwa. Mwingine akasema kwa hizo pesa atanunua mbwa kumi. Admini akaniambia niondoe picha. Usiku huo sikulala, na nakwambia ukweli nilianza kuamini kwamba wako sawa, kwamba mimi ndiye nina makosa.

Asubuhi mama mboga wa pale nje akaniuliza, Jeki ameenda wapi, juu yeye mama mboga akifungua saa kumi na moja alfajiri Jeki huwa anakuja kuketi naye mpaka kupambazuke. Nikamweleza. Akatoa mia mbili kwa leso hapo hapo. Na yeye ni mtu hata chai ya asubuhi anakopa! Ndio nikaelewa nilikosea wapi. Niliomba watu mia mbili wenye hawamjui Jeki, na sikuwa nimeomba hata mmoja wa wale wanaomjua.

Basi nikakaa chini na kijana tukaandika kwa karatasi majina ya kila mtu ambaye Jeki ameingia kwa maisha yake. Ploti yetu yote, nyumba kumi na nne. Wale wamama wawili ambao watoto wao Jeki huwasindikiza mpaka stejini kila asubuhi. Jamaa wa nyumba ya mwisho ambaye waliokuja kuiba pikipiki yake saa nane usiku walikimbia kwa sababu ya Jeki. Wateja wangu wa nguo, wengi wanamjua kwa sababu analala chini ya cherehani. Kaka yangu wa Eldoret. Walikuwa kama watu 60 hivi, na sikuwaweka kwa grupu, niliandikia kila mtu meseji yake kwa jina lake. Kwa yule wa pikipiki niliandika unakumbuka ule usiku. Kwa wateja niliandika yule mbwa wa chini ya cherehani. Picha niliyotuma ni ya Jeki mzima amesimama getini, ya damu nilifuta. Na nikasema mia moja inatosha, kabisa, usione haya. Kuna sababu ya hiyo mia: M-Pesa kutuma shilingi 100 kushuka hakuna makato, kwa hivyo mtu anatoa mia na inafika mia, na mtu ambaye angekwepa kwa sababu hana elfu anajikuta ametoa. Wengi walitoa zaidi ya mia, lakini mlango ulifunguliwa na hiyo mia.

Sasa sikiza hapa, juu hii ndiyo ningeweka juu ya mengine yote. Pesa isipite kwako kama unaweza. Nilienda kwa dokta nikamwomba nitumie nambari yake ya tili, ile ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa, mtu anayelipa kwa tili hakatwi, na ile meseji inayorudi inaonyesha jina la kliniki badala ya jina langu. Akakubali, akafungua ukurasa mmoja kwa kitabu chake akaandika Jeki juu. Kila jioni alinipigia jumla, na mimi kila jioni nilituma kwa wote waliochanga, hata kwa aliyetoa hamsini, nikisema leo tumefika hapa, imebaki hapa, asanteni. Sikukosa hata siku moja. Hapa kwetu watu wameumwa sana na michango, mtu anachangiwa matanga unasikia amenunua simu, kwa hivyo usikasirike mtu akikushuku, mwonyeshe tu hesabu. Siku ya tatu yule aliyeniandikia mambo ya karo kwa grupu aliniuliza inbox kama ni kweli pesa inaenda kwa dokta moja kwa moja. Nikamtumia tili na nambari ya dokta ajiulizie. Akatuma 500. Hakusema kitu na mimi sikumkumbusha kitu.

Na kuhusu hilo la karo, utaambiwa tu, jitayarishe. Mimi nilijibu nikiulizwa, kwa heshima, kwamba karo ya mtu nimewahi kuchangia na nitachangia tena, na huyu mbwa pia ni wangu wa kutunza kwa sababu mimi ndiye nilimfungia nyumba akasahau kujitafutia. Sikubishana zaidi ya hapo. Usitumie nguvu zako kwa mtu ambaye hata ukimshinda kwa maneno hatatoa kumi.

Kufika siku ya tano hesabu ilikuwa: yangu 7,000, majirani wa ploti na mtaa 8,700, wateja 12,400, kaka 5,000. Hiyo ni 33,100, na ukitoa ile eksirei niliyokuwa nimeshalipa, ilikuwa imebaki 27,900. Hapa ndipo nilipojua dokta ni mtu wa kuongea naye. Tangu mwanzo nilikuwa nimemwuliza anahitaji ngapi mkononi ndio ashike kisu, akasema 30,000, nyingine tutaelewana. Watu wengi wanasikia jumla wanakata tamaa, hawaulizi hilo swali. Kumbe nilikuwa nachangisha 30,000 na sio 65,000, na hiyo ni safari tofauti kabisa! Alimfanyia operesheni siku ya sita asubuhi, saa mbili na nusu hivi, na nilikaa kwa benchi nje na kijana amelala kwa mapaja yangu mpaka tukaitwa.

Deni nililipa kwa mikono. Nilikuwa na vipande vya vitenge vimejaa gunia, mabaki ya kazi, nikashona mifuko ya kwenda sokoni na kuuza 300 mmoja. Nilishona 33, ni 9,900. Hizo nyingine 18,000 nililipa 6,000 kwa miezi mitatu, na tuliandikiana na kusaini, mimi na dokta. Wewe umesema unasuka nywele. Suka, na waambie wateja kichwa hiki ni cha mguu wa mbwa wangu. Mtu ambaye hawezi kutoa bure atakuja kusukwa kwako badala ya kwingine.

Umeuliza pia kuhusu kuchangisha kwa intaneti. Kuna M-Changa, ni ya hapa Kenya, wengine wameitumia vizuri na inasaidia kama una ndugu walio ng'ambo, lakini wanakata kitu kidogo kwa kila mchango, na link peke yake haiombi, lazima bado umwandikie mtu kwa jina. Mimi sikuitumia. Na umeuliza kama umpeleke Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha mifugo kule Kabete na wanatibu mbwa, piga simu ujue bei yao, ni sawa kulinganisha. Lakini fikiria ile safari ya Kisumu mpaka Nairobi na mfupa unacheza ndani ya nyama, karibu kilomita 350. Kama dokta wako wa Kisumu amewahi kuweka chuma kwa paja la mbwa, na umwulize hivyo hivyo, amefanya mara ngapi, mimi ningebaki naye.

Kitu kigumu nimekiacha kwa sababu hata kukiandika kunanichoma. Dokta aliniambia kukata mguu ni 25,000, na kwamba mbwa anaishi na miguu mitatu, anakimbia, anacheza, hahuzuniki venye sisi tungehuzunika. Nilikataa siku hiyo, lakini kwa moyo nilijipa mpaka siku ya saba, isipofika 30,000 tungekata. Nilimweleza kijana, akalia, akaniuliza kama Jeki atajua kupanda ngazi. Ikifika hapo kwako, dada, usijione umemsaliti. Kumwacha na mfupa ulioachana bila dawa ukingoja mchango mwezi mzima ndiko kumsaliti. Jipangie siku yako mapema, uiseme kwa dokta, na maumivu yatulizwe kutoka leo na dawa yake dokta.

Baada ya operesheni kazi inaendelea, na watu hawakuambii. Wiki nane Jeki hakuruhusiwa kuruka wala kukimbia, nilimzungushia mbao kona ya chumba, tukamtoa na kamba kukojoa tu, nyuzi zikatolewa siku ya kumi na mbili. Weka pesa ya hizo safari kwa hesabu yako tangu mwanzo. Saa hii anatembea na miguu minne, Julai kukiwa na baridi asubuhi anachechemea kidogo mpaka jua litoke, halafu anaenda zake kwa mama mboga.

Umesema ni tangu Jumamosi, kwa hivyo leo ni siku ya nne. Usianze na grupu. Pigia dokta simu kabla hajafunga, mwulize anataka ngapi mkononi ndio aanze, kama atakubali nambari yake ya tili itumike, na siku ya mwisho ambayo mfupa bado unaweza kuunganishwa vizuri ni gani. Ukishajua hayo rudi hapa utuandikie tili ya kliniki na jina la mbwa, hukutuambia anaitwa nani. Mimi nitakuwa wa kwanza kutuma.