Naambiwa nishukuru, moyo umekataa

*Shangazi, nilikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani kwetu. Mwezi wa nane nilichukua shilingi 48,000 za chama nikanunua leso za jumla Biashara Street, nikitumai nitazirudisha kabla mtu hajajua. Daftarini niliandika kwa penseli. Leso watu wakazichukua kwa mkopo, hawakulipa, na zamu ya mwenzetu kupokea ikafika sanduku halina kitu. Nimevuliwa uweka hazina, na wazee wamenisimamisha kwaya miezi sita. Wiki iyo hiyo mwanangu akabanwa na pumu, mama mmoja akaniambia, "Mungu anakurudi huyo." Mchungaji anasema nishukuru, lakini nikitamka "asante Bwana" naona naongopa. Je, nitoe sadaka ya shukrani moyo utulie? Mume wangu anajua nimekosa, ila hajui ni kiasi gani. — Mwenye Haya, Mikindani*

Mwanangu, pole. Nianze na hiyo sadaka, maana naona ndiko unakotaka kukimbilia. Usiitoe sasa. Mathayo 5:23-24 inasema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale pale, uende ukapatane naye kwanza. Wenzako wana neno juu yako, tena la 48,000. Bahasha utakayopeleka leo mbele ya kanisa, wao watajua imetoka mfuko gani.

Mchungaji wako hakukosea, ila huenda alikuharakisha. Fungua Waebrania 12:11. Pale pale panapofundishwa habari ya kurudiwa, yaani kuadibishwa na Mungu, mwandishi anakiri kwamba wakati wake jambo hilo ni la huzuni, na matunda huja baadaye, tena kwa waliozoezwa nalo. Kwa hiyo kuumia kwako leo si ukosefu wa imani. Tazama pia neno lenyewe. Biblia yetu ya Union inasema "adhabu" katika aya hiyo, lakini neno hilo hilo la Kigiriki, *paideia*, katika Waefeso 6:4 limefasiriwa "adabu": malezi anayopewa mtoto wa nyumbani. Ukisikia adhabu peke yake, utamwona Mungu kama askari wa kanjo aliyekuvizia sokoni. Hapo nani atashukuru?

Aya ya 5 ya Waebrania 12 inataja njia mbili za kupotea: kuyadharau marudia, na kuzimia moyo. Barua yako ina zote mbili. Unaposema leso zilichukuliwa kwa mkopo na watu hawakulipa, unawatwika wateja mzigo. Pesa zilitoka sandukuni kabla ya mteja yeyote kugusa leso, na penseli ile ulijua kwa nini uliishika. Halafu ukageuka upande wa pili, ukajitwika hata kifua cha mtoto.

Hilo la mtoto ulitue leo. Wanafunzi walimwuliza Yesu kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake; akajibu si yake wala ya wazazi wake (Yohana 9:3). Marafiki wa Ayubu walifanya hesabu kama ya huyo mama, na Mungu akawakasirikia. Mwanao ni wa kupelekwa kliniki na kupewa dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyoagiza. Kukupokonya ufunguo wa sanduku ni matokeo ya ulilofanya. Pumu siyo.

Sasa malipo, maana mazoezi yako yako humo. Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji aungame, alipe kamili, na aongeze sehemu ya tano. Mkristo hafungwi na sheria ile kama Mwisraeli, na Zakayo aliahidi mara nne bila kulazimishwa, lakini hiyo sehemu ya tano ina busara yake: wenzako wamekaa miezi bila pesa zao. Sehemu ya tano ya 48,000 ni 9,600, jumla 57,600. Kwa miezi 12 ni 4,800 kila mwezi. Ikikulemea, 3,200 kwa miezi 18. Chagua kiasi utakachoweza hata mwezi biashara imelala, kwani ahadi kubwa inayovunjwa mwezi wa tatu itawaumiza kuliko mara ya kwanza. Omba aanze kulipwa yule aliyekosa zamu yake. Usikope kwenye simu ili umalize haraka. Utakuwa umehamisha deni tu, tena kwa riba. Na mumeo aisikie 57,600 kinywani mwako kabla hujaahidi mtu, maana unga wa nyumba hiyo utaguswa.

Kwenye maombi, usilazimishe ulimi. Paulo anasema tushukuru kwa kila jambo (1 Wathesalonike 5:18), na Kigiriki chake ni "katika" kila jambo. Hukuambiwa uuite wizi baraka. Soma Zaburi ya 13 usiku. Ina aya sita tu, inaanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini" mara nne, na haifiki kwenye wimbo mpaka mwisho. Kisha taja kitu kimoja cha kweli cha siku hiyo unachoweza kukishukuru. Kwa kuanzia: umekamatwa kwenye 48,000, hukuachwa ufike laki mbili. Hilo ukilisema huongopi. Ushuhuda wa kipaza sauti usubiri deni liishe.

Kwaya usiihame kwenda kanisa jingine Changamwe wasikokujua. Keti viti vya watu wote, uimbe ukiwa hapo. Siku ya mkutano wa chama, omba nafasi kabla ya mchango kuanza, taja kosa, kiasi na tarehe ya kila malipo, bila kutaja leso. Pesa mkabidhi mweka hazina mpya mbele ya watu wawili, aandike yeye, utie sahihi chini yake. Beba kalamu ya wino.