Seva ikizimia, usiiache ifute ushahidi

Jioni moja, mvua ikianza kutonya Kisumu, nilipigiwa simu na mama mwenye duka la jumla upande wa Kibuye. "Fundi, ile mashine imezima tena. Lakini usihangaike, imejiwasha yenyewe." Nikamshukuru Mungu na kuendelea kula. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya makala hii.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeipanga seva ile, kompyuta kuu ya duka, ijiwashe upya sekunde 10 baada ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuzimia, ili wauzaji wasikae bure wateja wakipanga foleni. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba inapojiwasha, kila kilichokuwa kwenye ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, kinapotea: programu iliyokuwa ikifanya kazi, draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyoshika usukani dakika ile, na anwani ya kumbukumbu iliyoguswa vibaya. Kumbukumbu za kawaida za mfumo nazo hukatika ghafla, maana kerneli inayokata roho mara nyingi haiwahi kuandika lolote kwenye diski. Basi nikawa mtu wa kubahatisha. Nililaumu umeme, kwa sababu huku kwetu ni rahisi kuulaumu. Kisha nikabadilisha ramu, mara mbili, kwa pesa za yule mama. Mashine ikaendelea kuzima.

Kama unatunza seva ya Linux ya mtu, iwe ya duka, zahanati au shule, washa kdump, njia ya kuhifadhi kilichomo kwenye ramu kerneli inapoanguka, siku ileile unapoiweka mashine. Linux imekuwa nayo tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Unatenga kipande cha ramu wakati wa kuwasha, kwa mfano crashkernel=256M, na ndani yake inapakiwa kerneli ya pili. Hiyo hukaa kama mchezaji wa akiba aliyekwisha vaa jezi. Kerneli kuu ikianguka, ya akiba inaingia papo hapo bila kupitia BIOS, programu inayoamsha mashine mwanzoni, kwa hiyo ramu ya zamani haifutwi. Inaiona yote kama faili moja, /proc/vmcore, na kuihifadhi kwenye diski, kwa kawaida ndani ya /var/crash. Faili hiyo ndiyo tunayoiita dampu.

Wengi huishia hapo wakiamini wamemaliza. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini kutenga nafasi ni hali moja, na kerneli ya akiba kuwa imepakiwa ni hali nyingine. Soma /sys/kernel/kexec_crash_loaded: ikiwa 0, umetenga kiti lakini hakuna aliyekikalia. Angalia tena kila baada ya kusasisha kerneli. Ukitenga ramu kidogo mno, kerneli ya akiba nayo itaishiwa pumzi kabla ya kuandika chochote.

Kinachouma zaidi ni dampu kukatika katikati. Seva ya yule mama ilipoanguka tena, safari hii ikiwa na kdump, nilifika asubuhi na mapema, nikafungua /var/crash na kukuta faili inaitwa vmcore-incomplete. Diski ilikuwa imejaa nakala za zamani za hifadhidata ambazo hakuna aliyezifuta. Kwenye mifumo ya Linux ya jamii ya Red Hat, jina hilo hubadilika na kuwa vmcore pale tu uandishi unapokamilika, kwa hiyo jina lenyewe linakueleza hali. Usiifute ile isiyokamilika kwa hasira, kwa kuwa pembeni yake mara nyingi kuna vmcore-dmesg.txt, yenye maneno ya mwisho ya kerneli. Kwangu ilikuwepo, na ndani yake nikaona kwa mara ya kwanza jina la draiva ya kadi ya mtandao.

Jina moja halitoshi kuhukumu. Nilisafisha diski, nikaweka makedumpfile, programu inayochuja na kuandika dampu, kwenye kiwango cha 31 ili iache kurasa (vipande vya ramu) tupu, kache na data za programu za watumiaji, nikaunganisha UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Ukiwa na kipima muda cha maunzi kinachoiwasha upya mashine ikinyamaza, hakikisha hakitaikata dampu njiani. Mara iliyofuata nilipata vmcore kamili. Nikaifungua kwa programu iitwayo crash, pamoja na vmlinux, faili ya kerneli yenye alama za utatuzi (majina ya sehemu zake), ya toleo lilelile hasa. Ikitofautiana hata kidogo, utasoma upuuzi. Nikaandika log kuona ujumbe wa kerneli, kisha bt kuona hatua zilizoifikisha kwenye ajali. Mstari baada ya mstari, draiva ileile. Tuliitoa kadi hiyo, na tangu siku hiyo mashine haijazimia.

Jambo jingine nalisema kwa uzito wote. Hata ukichuja, dampu ni kipande cha kumbukumbu ya mashine na huenda ikabeba nywila au majina ya wateja. Usimtumie mtu kwenye kikundi cha WhatsApp akusaidie kuisoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria, yule mama alikuamini. Ruhusu root, msimamizi mkuu wa mashine, pekee aisome, kisha ifute kazi ikiisha.

Siku hizi simkabidhi mteja seva kabla sijaiangusha mwenyewe. Nasubiri duka lifungwe, nachukua nakala ya data, nazima hifadhidata, naandika sync ili data zote ziandikwe kwenye diski, halafu echo c > /proc/sysrq-trigger nikiwa root. Skrini inajaa maandishi, kimya kidogo, kisha kerneli ya akiba inaanza kuhesabu asilimia za kurasa ilizonakili. Mara ya kwanza kule Kibuye yule mama alisimama nyuma yangu, funguo za duka mkononi. "Umeiua?" akaniuliza. Nikamwonyesha hesabu ikipanda. Alivuta kreti ya soda akakaa, tukangoja pamoja mpaka ikafika mia.